Kuficha Nyota Ili Kumwona Jirani Yake

Sikia, wewe uliyekabidhiwa ufunguo wa maabara ya mwanga baada yangu. Najua una kazi, na najua ninyi vijana mnapenda maelezo mafupi yenye mchoro. Mimi sina mchoro. Nina kumbukumbu, na ile nafasi ambayo mtu huipata akistaafu na kugundua kwamba kuku hawahitaji kusimamiwa kutwa nzima. Kaa kidogo basi, nikueleze tulivyoanza kujifunza njia ya kuziona sayari za nyota nyingine tukiwa kilimani karibu na Kesses, na kwa nini, kila nikilikumbuka jambo hilo, moyo huniuma pale ambapo ungepaswa kujaa fahari.

Sitazungumzia vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara nayo ilikuwa na tabia hiyohiyo.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa gambuti. Chuo kilikuwa kipya, majengo yananukia simiti mbichi, na kati ya jengo moja na lingine kulikuwa na matope ya kumvua mtu kiatu. Nilikuwa nimemaliza kozi ya ufundi wa maabara, binti wa wakulima wa mahindi kutoka Moiben, na katika maisha yangu yote nilikuwa nimeshika darubini mara moja tu, tena ya kuangalia ndege. Niliambiwa niripoti kwa Daktari Owuor. Nilikuta mlango usio na kibao. Nikaufungua, na ndani nikaona giza tupu: kuta nyeusi, dari nyeusi, hata meza ilikuwa imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa.

"Wewe ndiye fundi mpya?" sauti ikauliza kutoka gizani.

"Ndiyo, Daktari. Naitwa Jepkorir."

"Karibu sana, Jepkorir. Sasa funga mlango, unaniingizia mchana."

Ndivyo nilivyomjua. Alikuwa mtu mrefu aliyezaliwa kando ya ziwa, mtaratibu wa maneno, aliyesomea mambo ya mwanga ng'ambo kwa miaka mingi, kisha akarudi na masanduku ya vioo badala ya gari. Alipanga nyumba mjini, mtaa uitwao West Indies, na kila asubuhi alifika chuoni na chupa ya chai ya maziwa na magazeti ya jana. Magazeti hakuyasoma. Alikuwa anafungia vioo.

Kosa langu la kwanza nililifanya saa ileile. Macho yalipozoea giza niliona lenzi mezani, ina vumbi, na mimi nimelelewa vizuri. Nikavuta ncha ya sweta niipanguse.

"Weka chini!" akasema. Kisha, kwa upole, "Polepole. Kama mtoto aliyelala."

Akanikalisha kwenye stuli na kunipa somo ambalo nami nimewapa wanafunzi wote waliopita mikononi mwangu. Vumbi, alisema, ni mgeni: ukilipuliza kwa kipulizio cha mpira linaondoka. Mkwaruzo ni mkazi, hauhami. Na kila mkwaruzo ukipigwa na mwanga mkali huwaka kama taa ndogo. Kwa mtu anayetazama mwezi, haidhuru. Kwa mtu anayetafuta kitu hafifu kando ya kitu kikali, mikwaruzo ndiyo itakayomdanganya.

"Umewahi kusimama barabarani, lori likaja limewasha taa zote?" akaniuliza.

"Mara nyingi."

"Tanboi, yule msaidizi wa dereva, akiwa amesimama kando ya ile taa, unamwona?"

"Simwoni, Daktari."

"Yupo, lakini humwoni. Sasa inua kidole gumba, funika taa. Tanboi anatokea, hata soda aliyoshika unaiona. Sayari ni huyo tanboi. Kazi yetu hapa ni kutafuta kidole gumba."

Nimesoma maelezo mengi tangu siku ile, mengine yenye hesabu za kurasa nzima, na bado sijapata lililo bora zaidi. Ila kuna jambo moja ambalo kidole gumba hakielezi, nalo ndilo lililotula miaka. Ndani ya darubini, nyota haibaki kuwa nukta. Mwanga wake ukigusa ukingo wa kioo hupinda, ukasambaa, ukafanya pete na miale. Ukiiziba nyota yenyewe, mwanga uliopinda unabaki. Kwa hiyo unahitaji vizuizi viwili. Cha kwanza ni doa jeusi, dogo sana, linalowekwa pale hasa taswira ya nyota inapotua. Cha pili ni pete nyembamba inayowekwa nyuma zaidi, pale ambapo ule mwanga wa ukingoni hukusanyika, ili iumeze. Kinachopita katikati ya pete ni anga karibu tupu, na jirani wa nyota, kama yupo.

Hatukuwa na fedha za kuagiza hata kimoja cha vitu hivyo, kwa hiyo tulijifunza kutengeneza. Nyota yetu ya mazoezi ilikuwa balbu ndani ya mkebe wa biskuti. Mbele yake tuliweka karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, tukaitoboa kwa sindano matundu mawili yaliyokaribiana, kisha tundu moja tukalifunika kwa kipande cha kioo kilichofukizwa moshi wa koroboi mpaka mwanga wake ukafifia kabisa. Hilo lilikuwa jirani. Doa nalo tulilitengeneza kwa wino mweusi juu ya kioo chembamba cha hadubini. Unachovya ncha ya sindano, unabana pumzi, unagusa kioo mara moja tu. Likitoka na mkia, unafuta na kuanza upya. Daktari alikuwa na mkono wa ajabu. Madoa yake yalikuwa ya duara kamili, kama yamechapishwa. Yangu ya mwanzo yalifanana na viluwiluwi, naye akayasifu moja baada ya jingine.

"Hili lina kichwa kizuri," alikuwa akisema. "Tutashughulikia mkia kesho."

Alinifundisha pia namna ya kutodanganyika. Vioo vina mazoea ya kuzaa taswira za uongo, nukta ndogo ambazo ukiziona unaweza kuapa kwamba ni nyota. "Ukiona kitu," aliniambia, "usifurahi. Geuza kioo kwanza. Kikizunguka pamoja na kioo, kimetoka kwenye kioo. Kikikaa palepale, kimetoka angani." Wataalamu wanaopiga picha za sayari leo wanatumia wazo hilohilo kwa mashine za mabilioni. Wanaacha anga lizunguke huku vioo vimetulia, wanaangalia nini kinahama na nini kinabaki. Sisi tuligeuza kwa vidole.

Wakati huo jarida moja kutoka ng'ambo lilitufikia, likiwa limechelewa na limelowa upande mmoja. Ndani mlikuwa na picha ya nyota ya anga la kusini iliyofichwa kwa doa kama letu, na pande zake mbili kulionekana utepe mwembamba wa mwanga: vumbi, lile ambalo huenda sayari huundwa kwalo. Daktari aliitazama picha ile asubuhi nzima. Kisha akanipeleka nje, akanionyesha upande wa kusini ambako mchana ule palionekana ng'ombe na mawingu tu.

"Nyota hiyo inapita hapa," akasema. "Wao ilibidi wapande ndege kuifuata. Sisi inatupitia juu ya mahindi."

Lakini hakuwa mtu wa kurukia mambo. Kwanza, alisema, lazima tuthibitishe kwamba njia yetu inafanya kazi kwenye nyota halisi. Akachagua Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote angani usiku, ambayo miezi ya kiangazi hupanda juu kabisa hapa kwetu, mbali na ukungu na moshi wa upeoni. Sirius ina mwenzake, masalia ya nyota iliyokwisha kuchoka, hafifu kuliko yenyewe mara elfu kumi hivi. Si sayari, lakini ni mazoezi mazuri ya kutafuta sayari. Mwenzake huyo huizunguka katika muda wa miaka hamsini hivi, na kwa bahati yetu mbaya miaka ile alikuwa anazidi kuisogelea. Kila mwaka nafasi kati yao ilipungua. Daktari alipiga hesabu ya darubini yetu, akaniambia kwamba tulikuwa na misimu michache tu. Baadaye angezama ndani ya mng'ao, na mpaka atoke tena, wengine wetu tungekuwa tunashikwa mkono na wajukuu.

Alisema hivyo akicheka. Mimi sikujua bado kwamba alikuwa na sababu nyingine ya haraka.

Kioo kikubwa cha darubini alikisugua mwenyewe, kioo juu ya kioo na unga wa msasa katikati, akizunguka pipa la mafuta lililojazwa mawe, hatua kwa hatua, wiki baada ya wiki. Nyumba ya darubini tulipewa ruhusa kuijenga juu ya kilima kidogo nyuma ya bweni. Paa lilipaswa kuteleza lote kando kwenye reli, na kazi hiyo tulimpelekea Mzee Barasa, fundi wa vyuma mtaa wa Huruma, ambaye karakana yake ilikuwa kelele tupu kutwa.

Mzee Barasa aliushika mchoro wetu, akaugeuza juu chini, akautazama tena.

"Madam," akaniambia, "mimi nimetengeneza mageti. Nimetengeneza majiko. Nimetengeneza hata kitanda cha mtu na bibi yake waliokosana, kikawa viwili. Lakini nyumba ya kufunuliwa kichwa, hiyo bado."

"Ndiyo hii sasa, Mzee."

"Na mvua ikinyesha ndani, mtasema ni Barasa?"

"Tutasema ni Mungu."

"Hapo sawa. Yeye hana karakana, hamtampata."

Paa lake liliteleza kama droo. Mpaka leo linateleza, ukilitia grisi.

Tulimaliza wakati mvua zinaisha. Desemba iliingia na anga la buluu ambalo ni wakazi wa nyanda hizi tu wanaolijua, kavu, la baridi, safi mpaka kwenye ncha za miti. Tulifunga kioo, tukaweka doa bora kuliko yote ambayo Daktari aliwahi kutengeneza, tukapanga kuanza jioni ileile. Alasiri, Bwana Rotich akapanda kilima.

Bwana Rotich alikuwa afisa wa itifaki wa chuo. Nataka umwelewe: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto shuleni na wakubwa wenye hasira za karibu, na miaka ile mtu aliweza kupoteza kazi kwa kukosea kupanga viti. Alikuja na vijana wawili, kufuli mpya na utepe mwekundu.

"Daktari, hongera! Kazi safi kabisa," akasema. "Sasa msiguse."

"Tusiguse nini?"

"Hiki chombo. Mkubwa anakuja kukifungua rasmi. Huwezi kumwalika mtu karamu halafu akute sahani zimelambwa."

"Bwana Rotich, darubini si pilau. Haipungui ukiitumia."

"Mimi najua. Wewe unajua. Lakini akiuliza imeona nini mpaka sasa, tutamjibu vipi? Kwamba mlimtangulia?"

Utepe ukafungwa mlangoni, fundo zuri la maua. Bwana Rotich akatuambia ni suala la wiki chache tu.

Kama umezaliwa baada ya miaka ile, utaona ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kisima hakikuchotwa maji kabla ya kufunguliwa. Daraja lilikuwa likikaa limekamilika, watu wanavuka mtoni chini yake wamekunja suruali, kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Nasi tulikuwa watu wa wakati wetu. Tulingoja.

Tarehe ikatajwa, ikaahirishwa. Ikatajwa nyingine. Nyasi zikafyekwa, mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa, watoto wa shule ya jirani wakafundishwa wimbo, kisha wakaambiwa warudi darasani. Januari watu walivuna ngano na kuchoma mabua ya mahindi, moshi ukatanda kidogo, ukaondoka. Jioni baada ya jioni Sirius ilipanda mbele ya nyumba iliyofungwa. Mara nyingi mimi na Daktari tuliketi nje, kwenye ngazi, tumevaa makoti, tukiitazama kwa macho matupu kama wakulima wanaotazama shamba la jirani.

Ni pale kwenye ngazi nilipogundua. Nilimpa kikombe cha chai kutoka ubavuni mwake naye hakukiona. Nilikisogeza karibu na mkono wake, bado. Nilipotaja jina lake ndipo akageuza kichwa kizima.

"Kuna nini, Daktari?"

Akakipokea kikombe kwa mikono miwili. "Presha ya macho," akasema. "Daktari wa hospitali ameniambia tangu mwaka jana. Ananipa matone. Haiumi, Jepkorir. Inakula tu kutoka ukingoni ikielekea katikati. Bado nasoma vizuri. Bado nakuona."

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo sisi wawili tulilijua na hatukulisema. Kitu hafifu sana hakionekani ukikikazia macho. Katikati ya jicho ni kwa ajili ya kusoma na kutambua nyuso. Ukitaka kuona nyota hafifu, unatazama kando yake kidogo, na pembeni ya jicho ndiyo inayoipata. Kila mtu wa darubini anajua. Na hiyo pembeni ndiyo ugonjwa ule unayoichukua kwanza.

Nikasema, "Utepe uko mlangoni. Paa linafunguliwa kwa nje, na dirisha la nyuma halina komeo. Tuingie leo."

Alicheka, akanipigapiga begani. "Wewe hapa ni kwenu. Ukikosea, utaitwa ofisini, utaonywa, utarudi nyumbani. Mimi nikikosea wataanza kuuliza nilitoka wapi, na hiyo darubini niliitengeneza kummulika nani."

"Nani atajua?"

"Askari wa lango atajua, mpishi wa bweni atajua, na wanafunzi watajua kabla sijashuka ngazi. Wakikichukua chombo, hata wewe hutaona. Tungoje. Kiangazi bado kirefu."

Nilibishana naye jioni ile na nyingine. Alikuwa na hoja, hiyo ndiyo shida. Hata leo nikizipima upya hoja zake sipati pa kumkosoa. Ninachoweza kusema ni kwamba kiangazi hakikuwa kirefu.

Siku moja ya Machi, wafanyakazi wote wa idara walikuwa wameizunguka redio kwa taarifa ya habari ya saa saba, kama tulivyozoea. Msomaji akataja majina ya walioachishwa nyadhifa zao. Mgeni wetu rasmi alikuwa wa pili. Bwana Rotich akainuka, akaenda kulitazama lile jiwe la ufunguzi lililochongwa jina, na jioni niliwaona wale vijana wake wakilibeba kulipeleka mjini. Lilirudi limegeuzwa, upande wa nyuma umesuguliwa tayari kwa jina jingine. Jina lenyewe lilichukua muda kupatikana. Kufikia hapo mvua zilikuwa zimeanza, na Sirius ilikuwa inazama magharibi mapema, nyuma ya mawingu.

Darubini ilifunguliwa mwezi wa Julai, saa nne asubuhi, kukiwa na manyunyu. Mheshimiwa mpya alikata utepe, ambao kwa wakati huo ulikuwa wa waridi, watoto wakaimba ule wimbo wakiwa wamebadilisha jina katikati. Kwa kuwa hapakuwa na nyota, tuliielekeza darubini kwenye malisho ya ng'ambo ya bonde. Mheshimiwa akainama, akatazama kwa muda.

"Mbona ng'ombe wako wamelala chali?" akauliza.

"Darubini za namna hii hugeuza picha, Mheshimiwa," Daktari akajibu. "Kwa nyota haina tofauti."

"Lakini kwa ng'ombe ni vibaya. Mrekebishe."

"Tutarekebisha, Mheshimiwa."

Msafara ulipoondoka, Daktari aliniomba nilitazame lile doa. Halikuwepo. Kioo kilikuwa safi, kinang'aa. Nilimkimbilia Bwana Rotich, nikamkuta anakunja vitambaa vya meza, uso umejaa raha ya mtu aliyemaliza mtihani.

"Ah, hicho?" akasema. "Jana nilipita kukagua. Kulikuwa na kidoa cheusi katikati kabisa, Madam! Fikiria Mheshimiwa angekiona. Nilikifuta mwenyewe, kwa leso safi."

Nilirudi kilimani nikamweleza Daktari. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye. Kisha akachukua sindano na wino, akainama juu ya kioo kipya, akagusa. Doa lilikuwa limeenda kando, lina mkia. Akajaribu tena, na tena. Mkono ulikuwa uleule, jicho ndilo lililobadilika. Mwishowe akanipa sindano.

"Hili ulitengeneze wewe," akasema. "Mikia yako ilishaisha zamani."

Nililitengeneza. Lilikuwa zuri, ila kubwa kidogo kuliko lake.

Msimu uliofuata hatukuomba ruhusa ya mtu. Jioni ya kwanza iliyokuwa safi, Sirius ilipopanda vya kutosha, nilitelezesha paa, nikaipata nyota, nikaisogeza taratibu mpaka ikatumbukia nyuma ya doa. Mng'ao ukazimika kama mtu amefunga mlango. Nikangoja macho yatulie. Kulikuwa na ukungu wa mwanga unaotetemeka ukingoni mwa doa, kisha, nilipoangalia kando kidogo, nukta. Ndogo, tulivu, imebanana na ukingo. Kama doa lingekuwa kubwa zaidi lingeimeza.

"Kuna kitu," nikasema.

"Usifurahi. Geuza kioo."

Nikageuza. Vijidoa viwili vya uongo vikazunguka pamoja na kioo. Nukta ile haikusogea.

"Imebaki palepale, Daktari."

Alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, gizani. "Basi ndiyo yenyewe! Nipishe."

Akainama. Nilimshikia taa iliyofunikwa kitambaa chekundu ili asijikwae, kisha nikaizima. Alitazama kwa muda mrefu sana. Nilisikia anavyohema.

"Niambie iko wapi."

"Juu ya doa, kulia kidogo. Imelikaribia sana."

"Nikiitazama, hakuna. Nikitazama kando..." Akageuza kichwa. "Hakuna kando, Jepkorir."

Nilirekebisha lenzi ya macho. Nilibadilisha nyingine. Nilimletea stuli ili shingo ipumzike. Tulijaribu jioni ile na jioni zote safi za msimu ule, na kila mara mimi niliona, yeye hakuona. Siku ya mwisho nilitaka kumfariji. Nikamwambia, "Hata hivyo tumeiona, Daktari."

"Hapana," akasema kwa upole uleule wa siku ya kwanza. "Umeiona wewe. Usiniongeze." Kisha akavaa kofia, akatafuta ukuta kwa mkono, na alipofika mlangoni akasema, si kwangu, "Mwaka jana ningeiona."

Hakulirudia neno hilo tena. Mimi nimelirudia miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, kila paa lilipoteleza.

Mwenzake Sirius alizama kwenye mng'ao kama hesabu zilivyosema. Daktari alifundisha misimu michache zaidi, mkono mmoja begani mwa mwanafunzi, kisha akarudi kwao kando ya ziwa. Fedha za kuifuata ile nyota yenye vumbi hazikupatikana kamwe, kwa sababu waliopaswa kuzitoa walitaka picha, na sisi tulikuwa na ushahidi wa jicho moja la fundi. Miaka mingi baadaye, watu wa mbali walipopiga picha za kwanza za sayari zinazozunguka nyota nyingine, nilisafiri kwenda kumweleza. Alikuwa haoni kabisa. Nilimkuta kwenye kiti cha kamba, redio mapajani.

"Waliificha nyota?" akauliza.

"Waliificha, Daktari."

"Na pete nyuma yake?"

"Na pete."

"Wakageuza?"

"Waliacha anga ligeuke lenyewe."

"Wajanja," akasema, akatabasamu. Akaniomba nimweleze picha ilivyo, nikamweleza: doa jeusi katikati, na vinukta pembeni. Akataka nirudie mahali pa kila nukta. Nilirudia. Ilikuwa njia ileile ya kumweleza niliyoitumia kilimani. Alizikwa mwaka uliofuata.

Sasa nimeambiwa kwamba chombo chenu kipya kimefika na kimefungwa, kwamba kiko chini ya turubai, na kwamba kuna kamati inayotafuta tarehe ya mgeni rasmi. Nasikia pia kwamba mwalimu wenu mkuu wa idara ameanza kuvaa miwani miwili. Siwalaumu, sherehe ni kitu kizuri, na wimbo wa watoto huwa mtamu. Fanyeni yote hayo baadaye. Lakini jioni ya kwanza ambayo anga litakuwa safi, vueni turubai, telezesheni paa, ficheni nyota moja nyuma ya doa, na mwenye macho yaliyochoka kuliko wote ndiye aanze kutazama.